Kidonge cha Saa ya Bomba

Saa kumi na moja jioni, pembeni mwa Hombolo, vumbi la ng'ombe wanaorudi linageuka rangi ya asali na upepo unatulia. Tereza Ndahani anafungua koki. Maji yanagonga chini ya ndoo ya kwanza, na wanawake waliokuwa wakiongea wanageuka, kama watu waliosikia hodi ya mgeni wanayempenda.

"Mbukwenyi," anawasalimu. Wanaitika kwa pamoja, na wadogo wanaongeza shikamoo.

Wasichana watatu wanafungua pindo za kanga. Kila mmoja anatoa kitu kidogo, anakitia mdomoni na kushushia maji kwa kikombe cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye nguzo. Wakati huo Tereza anatazama mbuzi. Amejifunza kutazama mbuzi vizuri sana.

Ni vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi. Vinatakiwa kumezwa kila siku, saa ile ile. Si kila mtu hapa ana saa, lakini kila mtu anajua bomba linafunguliwa lini. Tena foleni ya jioni ni ya vijana. Mama wakwe huchota asubuhi.

"Bibi, mkwe wangu anauliza kwa nini nachelewa," anasema mmoja.

"Mwambie foleni."

"Anasema foleni gani hiyo inanenepesha mtu."

"Basi mwambie maji ya hapa yana mafuta."

Wanacheka, maji yanaendelea kupanda ndani ya ndoo, na jua linashuka bila haraka.

Tereza ana miaka sitini na mmoja na aliishia darasa la nne. Jumuiya ya watumia maji inamlipa shilingi elfu sabini kwa mwezi kuuza maji, ndoo shilingi hamsini. Mengine anayoyafanya hapa hayana mshahara.

"Nilizaa wanane, nikazika wawili," anasema. "Hakuna hata mmoja niliyeulizwa kama namtaka sasa au mwakani. Nawapenda wote. Lakini sikuulizwa."

Yalianza miaka sita iliyopita. Msichana mmoja aliomba maji ya kumezea kidonge. Baadaye akaomba jambo jingine: pakiti yake ilale kioskini, kwenye kibanda cha bomba. Nyumbani wangeiona, na nyumbani wanasema vidonge vinajazana tumboni kama kokoto, vinaziba kizazi, mke anarudishwa kwao. Tereza akaitia kwenye kopo la maziwa na kufunga mlango kwa kufuli. Wengine wakasikia. Kufikia mwaka huu kopo lilikuwa na pakiti tisa.

Moja ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini tutakayemwita Hana. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha serikali hapa Hombolo, na alitaka kumaliza masomo kabla ya kuolewa na mchumba wake, Erick.

Mwezi wa pili pampu ya kisima iliungua. Siku hiyo hiyo Tereza akapata habari ya msiba wa kaka yake huko Chemba. Alifunga kioski, akapanda gari, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Alikaa siku kumi na moja.

"Nilikuwa namlilia kaka yangu," anasema taratibu. "Sikukumbuka kabisa kwamba nimewafungia watoto wa watu."

Wanane walikwenda zahanati wakapewa pakiti nyingine. Hana aliona haya. Tereza aliporudi, Hana alichukua pakiti yake, akaenda nayo nyuma ya zizi na kumeza vidonge kumi na kimoja kwa mkupuo, afidie siku zilizopita. Alitapika hadi jioni, asimwambie mtu.

Baada ya hapo hakuonekana bombani. Mama yake, Anyesi, ndiye aliyekuja kuchota. Wiki zikapita, miezi ikapita. Tereza aliuliza habari za Hana, akajibiwa kwamba yuko salama, ana kazi nyingi. Mwezi wa sita uchovu wa kungoja ukamzidi, akaenda mwenyewe.

Alimkuta amekaa kivulini mwa nyumba ya tembe, anapepeta mtama, kanga mbili kiunoni. Tumbo lilikuwa limeshasema.

"Erick anajua?"

"Anajua. Amekubali. Mama naye amekubali."

"Basi kliniki mbona huendi?"

Hana aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakang'aa, yakapotea.

"Bibi, huyu amekula vidonge kumi na kimoja. Nikienda wataniambia nimemharibu. Bora nisijue mpaka nimuone."

Tereza angeweza kumdanganya ili amtulize. "Nikamwambia, mwanangu, mimi sijui. Kosa la kufuli ni langu, na hili silijui. Lakini yuko anayejua, na leo nitatembea na wewe."

Walitembea saa nzima, mara nyingi wakipumzika. Huko zahanati, nesi Sabiha alimsikiliza Hana mpaka mwisho, akampima presha, kisha akaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo lake.

"Vidonge hivi havimdhuru mtoto aliye tumboni," akasema. "Wala havizibi kizazi. Ila ukikosa siku, usifidie kwa rundo. Njoo, au tuma mtu, na wakati huo tumieni kondomu. Na ukiwa unavimeza ukaumwa kichwa kikali, au kifua, au mguu ukavimba, usingoje kesho."

Halafu akamwita Tereza aweke sikio.

"Nilisikia kama mtu anatwanga mbali sana, kijiji cha ng'ambo, haraka haraka," anasema Tereza, akifumba macho. "Nilizaa wanane, sikuwahi kusikia."

Siku ile ile alirudisha pakiti zote kwa wenyewe. Sasa kila msichana hukaa na yake. Tereza habebi siri ya mtu kwa kufuli, na anayeanza humtuma kwanza kwa Sabiha akapimwe. Saa ya bomba tu ndiyo iliyobaki.

Leo Hana, mimba ya miezi saba, amefika na ndoo ndogo. Nafasi ya chuo ya mwaka huu imempita, ataomba tena. Atakapokuwa darasani, mtoto atashinda na Tereza.

"Na ukishajifungua?" Tereza anamuuliza. "Wanaonyonyesha wana njia zao. Twende lini kwa nesi?"

"Nitakwenda mwenyewe, bibi. Yale maswali nayajua sasa."

Tereza anafunga koki, anatikisa kichwa akitabasamu. Hilo, anasema, ndilo analolitamani kwa wote: wapite hapa wakiwa wameshauliza huko zahanati, bila kumhitaji yeye.

"Mimi nibaki kuuza maji," anasema. "Maji yananitosha."