Mguu wa Kioo wa Bibi Somoe

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Bibi Somoe alipokanyaga mchanga wa Zuhura, na sisi tukasimama kutazama unyayo wake ukijazwa moto. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nakuandikia badala ya kukusimulia kwa sababu nikisimulia naona haya, nikaruka mahali, na hapa hapatakiwi kurukwa mahali.

Zuhura alikuwa mtoto wa hapa Sudi aliyekulia Rasbura, kule Lindi mjini. Alikwenda Dar es Salaam akajifunza kuyeyusha kioo na kukifanya sanamu. Aliporudi alikaa katika nyumba ya marehemu baba yake, ukuta kwa ukuta na kwetu. Akaleta mitungi ya gesi na matanuri mawili ya chuma, moja la kuyeyushia na jingine la kupozea, maana kioo kikipoa haraka hupasuka chenyewe. Watoto walimletea chupa tupu kutoka kila pembe ya kijiji. Wakamwita Mama Chupa, naye akaitika.

Katika simu yake alikuwa na picha za kazi za wenzake. Mmoja alitengeneza shati la kioo, limetundikwa kama limetoka kufuliwa, limevimba kifuani kama kuna mtu ndani, na ndani hamna mtu. Mwingine alimwaga kioo juu ya kitanda cha kamba alichokuwa akilalia baba yake. Kamba ziliungua zote, zikabaki alama zake, na katikati pamebonyea pale mzee alipozoea kulala. Nilizitazama picha zile mchana kweupe na mikono ikanisimama vinyweleo.

"Kioo kinashika kitu kilichokwisha kuondoka," Zuhura aliniambia. Yeye hakutengeneza uso wa mtu. Alisema uso una mwenyewe. Alichotaka ni nyayo za watu wa Sudi.

Sasa mwanangu, lazima ujue kwamba huku kwetu unyayo wa mtu hauchezewi. Watu wanaamini kwamba mwenye nia mbaya akichota mchanga uliokanyaga, amekushika wewe. Kwa hiyo Zuhura alipopita na sanduku lake la mchanga mbichi akiomba watu wakanyage, watu walimcheka usoni kisha wakafunga milango.

Bibi Somoe, bibi yangu mzaa mama niliyekuwa nikiishi naye, ndiye aliyekwenda mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasikia unatafuta miguu."

"Natafuta, Bibi. Ila wenyewe wananikimbia nayo."

Bibi alicheka mpaka akashika mlango. "Wana haki. Ningekuwa simjui mama yako na mimi ningekimbia. Lete hilo sanduku. Ila wangu hautoki Sudi, umesikia? Wa wengine peleka utakako."

Akavua kandambili, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akakandamiza, akautoa taratibu. Alama ikabaki safi, mpaka mistari ya kisigino. Zuhura akavaa glovu zake nene, akachota kioo tanurini kwa upawa wa chuma wenye mpini mrefu. Kilimiminika kizito kama asali, rangi ya kaa la moto. Kilianza kisiginoni, kikatambaa mpaka kwenye vidole, kimoja kimoja. Bibi alikuwa ameshasogea mbali, amesimama mlangoni. Kioo kilipofika kwenye kidole cha mwisho, aliuinua mguu wake wa kushoto kutoka chini.

"Umekanyaga kitu, Bibi?" nilimwuliza.

"Hapana. Nimesikia joto."

Baada ya Bibi kukanyaga, hofu ya watu ilipungua. Wakaja wavuvi, wakaja kina mama wa sokoni, akaja na mwalimu wa madrasa. Kila kioo kilipotoka kwenye tanuri la kupozea Zuhura alikipiga brashi mchanga ukatoka, akakiweka uani kwake, unyayo umetazama juu, vidole vimeelekea baharini. Uani pakajaa. Watu walitaniana, "Usikanyage hapo, huyo shemeji yako." Lakini ukibaki peke yako utani uliisha. Ilikuwa kama chini ya ule uwanja kuna kijiji kingine ambacho watu wake wanatembea vichwa chini, na nyayo zao zinagusa ardhi kwa upande wa pili, pale pale unapogusa wewe.

Haukupita muda mrefu, Zuhura akaanza kukuta unyayo wa Bibi umegeuka. Mingine yote imetazama baharini, huo mmoja vidole vimetazama ukuta wa kwetu. Tena umelowa, na mingine mikavu.

"Nani anageuza vitu vyangu?" aliwauliza watoto.

"Siyo sisi, Mama Chupa. Sisi huo tunauogopa."

Akaurudisha. Asubuhi nyingine akaukuta umegeuka.

Na wakati huohuo Bibi akaacha kutembea. Alisema mguu wa kushoto umelala. Kidonda kidogo kwenye kidole hakikupona, ngozi ikawa nyeusi. Alishinda kitandani mchana kutwa. Mimi ndiye niliyemwosha miguu asubuhi, na asubuhi moja nikakuta mchanga kwenye unyayo wa kushoto. Mchanga mbichi, kwa mtu ambaye hajashuka kitandani. Nikaufuta, nikanyamaza. Kesho yake ukawepo tena.

Mjomba wangu Hashimu, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa amekwenda Kipatimu kununua machungwa. Aliporudi akakuta mama yake amelala, na majirani wameshamwambia habari za unyayo. Hakunywa hata maji. Siku ya pili alikuja na nyundo na mganga mmoja kutoka mbali, wakakaa kwenye baraza letu na watu wakajaa.

"Nauvunja leo," alisema Mjomba. "Nikiuvunja, mguu wa mama utafunguliwa."

"Thubutu," mganga alimjibu. "Kioo kikivunjika na mtu amevunjika. Ule ni wa kuzikwa, kwa kafara."

Mwingine akadakia kwamba dawa yake ni kuutosa baharini maji yakijaa. Ukawa ubishi wa kweli, watu wanapigana vikumbo. Zuhura alikuja akilia.

"Uchukueni, mfanye mnavyotaka," alisema. "Lakini Bibi anaumwa. Mpelekeni hospitali."

"Nyamaza wewe, mchawi wa chupa! Ulikuja kutafuta miguu, umepata."

Mimi nilikuwa ndani na Bibi. Dirisha lilikuwa wazi na kila neno lilituingia. Nilimwona amefumba macho, nikadhani amelala. Mara akasema, "Mke mwenzangu, nipe bega." Bibi zetu hutuita hivyo kwa utani, lakini siku ile hakukuwa na utani sautini mwake.

Tulipotokea mlangoni kelele zilikatika.

"Mmekaa hapa mnaugawana mguu wangu kama nyama ya Idi," alisema. "Huyu avunje, huyu azike, huyu atose. Nani kati yenu ameingia ndani akaniuliza mimi?"

"Mama, tunakuokoa," alisema Mjomba.

"Unaniokoa na nini, Hashimu? Unajua ninachoumwa?"

Mjomba hakujua. Hakuna aliyejua. Ndipo Bibi alipotuambia kwamba zamani, kabla hata Zuhura hajaleta sanduku lake, daktari wa Lindi alishamwambia ana sukari, na kwamba mguu ule ukipata kidonda kisichopona utakatwa. Siku ile mimi ndiye niliyemsindikiza, lakini aliniacha nje kwenye benchi, na alipotoka alisema amepewa dawa ya kikohozi.

"Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kukanyaga," alisema. "Niliona mguu huu utaondoka. Nikasema basi, uache kitu."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia ubaridi. Kila alfajiri, akishatia udhu, alishika ukuta akapita mlango wa nyuma mpaka uani kwa Zuhura, akasimama juu ya ule mguu wa kioo, unyayo kwa unyayo.

"Kioo alfajiri kina baridi ya kuuma. Nikikanyaga nikaisikia, nasema alhamdulillahi, mguu bado ni wangu. Juzi nimekanyaga, sikusikia. Jana sikusikia. Leo nimesimama mpaka pamekucha. Hakuna kitu. Ni kama aliyesimama ni mtu mwingine."

Zuhura akauliza kwa sauti ndogo, "Na kuugeuza, Bibi, ni wewe?"

"Kuugeuza nini?"

"Vidole vitazame kwenu."

"Mwanangu, mimi nashika ukuta nisianguke. Nitainama ninyanyue dude zito lile kwa nguvu gani?"

Nilimwona Mjomba anauangalia ule ukuta ulio kati ya nyumba zetu, kisha taratibu akaificha nyundo nyuma ya mgongo. Mganga akaaga, akasema ana safari.

Tulipokuwa tunamfungia nguo za kwenda hospitali, Bibi alinishika mkono.

"Wewe ndiye unayeniosha miguu. Mchanga hukuuona?"

"Niliuona, Bibi."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa mguu, au uliniogopa mimi?"

Niliendelea kufunga nguo, mwanangu. Aliniangalia akanionea huruma, akasema, "Na mimi nimenyamaza, tena mimi mtu mzima. Tulikuwa wawili humu ndani wenye habari, tukawaachia baraza wasio nayo."

Kule Lindi daktari alisema angechelewa kidogo tu, ugonjwa ungepanda na yeye asingerudi nyumbani. Wakaukata chini ya goti. Mjomba alilala kwa ndugu zetu Rasbura, mimi nikabaki na Bibi wodini.

Alfajiri moja kidonda kikiwa bado kibichi, Bibi aliamka akaniita. "Nifunike mguu. Unalowa."

"Upi, Bibi?"

"Wa kushoto."

Nilitazama. Shuka pale lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Zamani ningenyamaza, ningemvuta shuka nikajifanya nimemfunika. Lakini maneno yake yalikuwa bado yananichoma, nikauliza, "Unalowaje, Bibi?"

"Matone. Makubwa. Yameanza kisiginoni."

Nje ya wodi hapakuwa na mvua. Nilitoka koridoni nikampigia simu Zuhura kule Sudi. Kabla sijasema kitu aliniambia, "Subiri, nakimbilia uani kufunika tanuri. Huku mvua ndiyo imeanza, matone kama mawe."

"Dada Zuhura," nilisema, "funika na mguu wa Bibi."

Hakuniuliza kwa nini. Nilisikia mvua ndani ya simu, nikasikia maji yanakanyagwa, nikasikia beseni linagonga kioo likikifunika. Nilirudi kitandani simu ikiwa sikioni. Bibi alikuwa ameshavuta pumzi ndefu.

"Haya," alisema. "Sasa vizuri." Akalala.

Nesi aliniambia watu wengi waliokatwa husikia kiungo ambacho hakipo, kinawasha, kinauma, kinapata baridi. Namwamini nesi. Na yale niliyoyasikia kwa masikio yangu siwezi kuyaondoa. Nimeyaacha yote mawili yakae, na wewe ukikua yaache yakae. Si kila kitu utapewa sababu yake.

Bibi alirudi Sudi na magongo. Nyayo za wengine Zuhura alizipeleka Dar kwenye maonyesho, watu wakatembea katikati yake. Wa Bibi haukutoka, kama walivyoahidiana, na aliyeujengea kibanda kidogo cha makuti ni Mjomba Hashimu mwenyewe. Alimwomba Zuhura radhi mbele ya watu walewale waliosikia akimtukana. Bibi aliishi mpaka akaniona naolewa. Siku ya harusi alikaa kitini anapigia ngoma kwa gongo, anawauliza wakwe zangu kama wamekuja kumchukua yeye au mimi.

Basi mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Ukiona mtu anaumwa, au anabeba jambo zito, usikae barazani ukaamua na wengine la kumfanyia. Ingia ndani alipo umwulize. Uliza hata kama anakutisha, hata kama jibu litakutisha zaidi. Na siku jambo litakapokuwa lako, mwili wako, ndoa yako, njia yako, usiwaache watu wabahatishe. Watakupenda, nao kwa mapenzi hayohayo watakuumiza kwa sababu hawajui. Waambie. Mimi na wewe tuna damu moja ya haya, nimekwisha kuiona machoni pako mgeni akiingia. Haya si aibu, lakini usiifanye mlango uliofungwa.

Mungu akupe afya, akupe miaka mingi na watu wazuri pembeni yako. Na akupe sauti. Si lazima iwe kubwa, mwanangu. Iwe tu ya kusikika mpaka chumba cha pili.