Bulandina na Wabeba Machela wa Bwera

Siku ya kura ya mchujo wa chama, inayopigwa kwa mlolongo, Bulandina alisimama uwanjani Bwera ameshika picha ya mdogo wake, Fred, na watu wakajipanga nyuma ya mgongo wake mpaka foleni ikafika kwenye vibanda vya soko. Hakuwa na cheo chochote. Aliuza unga wa muhogo, na alijua kila mteja wake ana watoto wangapi na yupi anakohoa. Watu walimwamini yeye kuliko picha. Fred akashinda, akashinda na uchaguzi wenyewe, akaenda bungeni Kampala.

Kisha mito ikashuka kutoka Rwenzori ikisukuma mawe makubwa kama ng'ombe. Mashamba ya bondeni yakageuka changarawe, na daraja la miti lililounganisha kilima cha kina Bulandina na barabara likaenda na maji. Bungeni ikaletwa hoja ya kuongeza fedha za maafa. Fred alipiga kura ya hapana. Redio moja ya Kasese ilisoma majina ya waliokataa, ikayarudia jioni kwa ajili ya waliokuwa shambani.

Katika nchi nyingi nilizopita, hasira juu ya wabunge huishia kwenye chupa za baa. Wabunge wako mbali. Bwera ilikuwa na dada wa mbunge, tena karibu, na kila siku ya soko alikuja mwenyewe na gunia kichwani.

"Mama mheshimiwa," aliitwa na Anastasie, Mkongo wa Butembo aliyeuza unga meza ya pili, "leo unga iko bei gani? Ama tungoje kwanza bunge ikubali?"

Wanawake walicheka, na wateja wakahamia kwa Anastasie.

Hayo Bulandina aliyavumilia. Lakini asubuhi moja mumewe, Danieri, aliamka na ngiri iliyojikaza, akawa anajikunja na kutapika, tumbo gumu kama ubao. Bila kupasuliwa siku hiyohiyo angekufa. Gari halipandi kilima kile. Mgonjwa hubebwa na chama cha machela, wanaume wa kijiji wanaopokezana mabegani mpaka hospitali. Danieri mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mabega yake yalikuwa na sugu za kazi hiyo.

Wabebaji walikuja. Waliegemeza machela ukutani, wakaketi. Mafuriko yalikuwa yamempokonya kiongozi wao, Kathembo, nyumba na mbuzi. Mke wake bado alilala darasani na familia nyingine.

"Tupige kura kwanza," alisema. "Sisi pia tuko bunge."

"Shemeji, huyu ni Danieri," Bulandina alisema. "Alimbeba mama yako."

"Mama alibebwa kabla ya hoja." Kathembo aligeukia wenzake. "Wanaosema mugonjwa ashuke?"

Kathembo aliwapitia kwa macho mmoja mmoja.

"Wanaosema hapana?"

"Hapana," walijibu pamoja, na mmoja wao, Mumbere, akagonga benchi kwa kiganja kama wanavyofanya waheshimiwa.

"Hoja imeanguka."

Ndani, Danieri aliguna. Walishusha sauti kwa adabu, wakacheka.

Bulandina alimpigia Fred mbele yao. "Dada, nilifuata msimamo wa chama," Fred alisema. "Natuma gari, lisubiri barabarani."

"Lisubiri," Kathembo alisema. "Danieri atashuka na mabawa."

Bulandina akapiga magoti.

"Simama, mama, hatutaki magoti. Piga simu redioni, kipindi cha wasikilizaji kiko hewani. Sema huyo mutu si ndugu yako, na kwako asikanyage, hata kwa mazishi."

Mumbere alitoa simu yake, akabonyeza namba, akafungua spika. Bulandina alisema yote kama alivyoambiwa. Mtangazaji akamwomba arudie, maana laini ilikuwa inakatika. Akarudia. Wabebaji walipiga makofi, wakamlaza Danieri kwenye machela, wakainua.

Walibeba vizuri, hilo halina ubishi. Ila pasipo daraja iliwabidi wazunguke juu, kwenye kivuko cha mawe, na Danieri alikata roho kabla ya kuona lami. Gari la Fred lilikuwa pale barabarani, dereva amelala.

Huko, mbunge akija mazishini huja na hema, soda na ng'ombe wa kuchinja. Siku ya kumzika Danieri watu walikuja wengi kuliko kawaida, wakawa wanachungulia njia ya bondeni. Mchana simu ya Mumbere ikalia. Alikuwa msaidizi wa Fred, aliyepewa namba na redio: mheshimiwa alikuwa ameisikia redio, na ameamua kuheshimu maneno ya dada yake.

Maharage matupu yakagawiwa. Kathembo, aliyekuwa amechimba kaburi tangu alfajiri, alikuja na sahani yake akaketi kando ya mjane.

"Lakini mama, pale redioni ungesema polepole kidogo," alimwambia. "Ona sasa tunavyokula."