Laurean na Nyoka Wanaogoma Kula

Saa moja asubuhi, katika chumba cha chini cha nyumba moja huko Lanham, Maryland, Laurean Rwegasira anamsugua mtoto wa panya kwa mjusi.

Anaifanya kazi hiyo kwa uso wa padri anayebariki maji. Mtoto wa panya, aliyekufa tangu juzi na kutolewa kwenye barafu, hana manyoya na ni mdogo kuliko kidole gumba. Mjusi yu hai na hajafurahishwa. Panya anatakiwa anuke mjusi, kwa kuwa mlaji anayesubiri hapendi panya.

Mlaji huyo ni nyoka wa maziwa, mwenye mabaka mekundu, mnene kama kamba ya kiatu. Hana sumu. Jina alipewa na wakulima wa zamani walioamini kwamba huwanyonya ng'ombe, lakini ukimwona huwezi kumsingizia hata kijiko cha maziwa. Kosa lake ni moja tu: amegoma kula.

Laurean, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mzaliwa wa Bukoba. Mmarekani anayefuga na kuuza nyoka humlipa dola sita na nusu kwa saa. Kanisani alisema anafanya kazi "ya mifugo", na waumini, kwa wema wao, wameshamhesabia ng'ombe arobaini.

Agosti mwaka huu wa 1998, mayai kumi na moja yalianguliwa. Sasa ni katikati ya Oktoba na wamebaki wanne. Watatu wanakula. Wa nne hajameza kitu tangu azaliwe, na tajiri amesema asipokula wiki hii, basi tena.

Saba wamezikwa nyuma ya gereji. Laurean hamlaumu mtu mwingine.

Tangu mwanzo tajiri alimwelekeza aweke chakula, afunike kikopo anamokaa nyoka, aondoke. Laurean aliitikia kwa adabu, kisha akavuta kigoda akakaa. Nyumbani kwao mgonjwa hawekewi sahani akaachwa. Mtu hukaa naye hadi tonge la mwisho. Basi akakaa na nyoka, kikopo baada ya kikopo, akiwabembeleza kwa Kihaya. Lakini nyoka mchanga akitazamwa hujikunja na kujificha. Saba kati ya hawa walijificha hadi wakafa.

"Niliona ile amri ni roho mbaya tu," anasema. "Nani anamwacha mtoto gizani na njaa yake?"

Nyaguthii, Mkenya anayesafisha vizimba pamoja naye, ndiye aliyemfumbua macho wiki iliyopita. "Mzee, hata mimi ukinikodolea hivyo singemeza," alimwambia. "Toka hapo."

Hakutoka. Nyaguthii alipotaka kujua sababu, akamsimulia habari za mkewe, Leokadia.

Februari, Leokadia aliugua huko Bukoba, akakataa chakula kwa wiki tatu, kisha akafariki. Laurean hakwenda. Karatasi zake za ukaaji zilikuwa hazijatoka. Angeondoka asingerudi, na fedha za dawa zilitoka kwake.

"Shemeji yangu Serah alikuwa anampelekea uji," anaeleza. "Leokadia anamwambia, 'Nitakunywa Laurean akifika.' Sikufika. Sasa nimwekee mwingine chakula, nigeuze mgongo tena?"

Nyaguthii alikichukua kile kigoda, akakipeleka gereji.

Leo Laurean anamweka panya kikoponi, anafunika, anazima taa. Anasimama kidogo mlangoni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Kisha anapanda ngazi, anaketi jikoni mbele ya chai asiyoigusa.

Saa tano anashuka. Panya hayupo. Nyoka amelala, na katikati ya ule mwili wa kamba kuna nundu.

Nyaguthii anapiga makofi. Laurean anafuta macho kwa kiwiko, maana viganja bado vinanuka mjusi.

"Mmoja alisubiri nifike, mmoja alisubiri niondoke," anasema. "Wote nimewachelewesha."

Karatasi zake hatimaye zimetoka, na anadunduliza nauli ya kwenda Bukoba mwezi Desemba. Ndugu wamekwisha kupanga ziara na karamu. Yeye anataka kupika ndizi, azibebe hadi kaburini, akae na mkewe kutwa nzima.

"Pale," anasema, "hakuna wa kuniambia niondoke."