Ngano ya Serikali Mgongoni mwa Punda

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la ngano la Serikali nilifika kabla jua halijatoka, nimevaa koti la marehemu baba lililonifika magotini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano baada ya wazazi wetu kufariki wakifuatana. Kule Bashay niliwaacha wadogo zangu watatu kwa shangazi: Yakobo, Paulina na Marko, wote wakisubiri nilete chochote. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye mikono myeusi kwa grisi, alinitazama toka chini mpaka juu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Na shikamoo inafundishwa darasa la sita?"

Vibarua wote wakacheka. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa brashi ya waya na kunionyesha kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna ngano. Kazi yangu ilikuwa kusafisha kisu chake, yaani meno marefu ya mbele yanayokata mabua. Nyasi zikinasa kwenye meno, mashine inakohoa na kusimama. Nilisugua mpaka jioni. Fundi Mkuu alipita kidole kwenye meno, akakitazama, akasema, "Kesho uje tena." Sikuwahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Misimu iliyofuata nilipanda polepole. Nilifanya kazi kwenye kipandio, mashine inayofukia mbegu kwa mistari, kisha kwenye trekta la haro, linalovunja mabonge ya udongo. Mwishowe Mkuu wa Uvunaji aliniweka kwenye usukani wa kombaini. Alinifundisha kung'ata punje kabla ya kuwasha injini. Ikivunjika kwa mlio, imekauka, vuna. Ikibonyea kama ubani wa kutafuna, zima mashine ungoje jua, kwa sababu ngano mbichi ikirundikwa inapata joto na kuchipua. Hata hivyo nilibaki kibarua wa msimu. Ajira ya kudumu ilitolewa na Meneja wa Shamba peke yake, naye alikuwa ameahidi: mavuno yakifika ghalani salama, madereva wa kombaini tutaandikwa. Ngano ikiharibika, kitengo kitavunjwa na kila mtu atarudi kwao. Mimi kurudi kwetu kulimaanisha Paulina na Marko kutoka shuleni, kama nilivyotoka mimi.

Yakobo wakati huo alikuwa Uganda. Majeshi ya kule yalipovuka mpaka na kuingia Kagera, vijana wa mgambo waliitwa naye akaenda. Sikumzuia. Mtu akiingia nyumbani kwako na panga, huwezi kuitisha mkutano. Serikali ilichukua pia malori, ya watu binafsi na ya mashirika, na yetu yakaenda yote. Hakuna aliyenung'unika. Tulisimama kando ya barabara tukiwapungia mikono madereva wetu kama mabwana harusi.

Shida ilianza wakati wa mavuno. Redio ilikuwa imeshatangaza ushindi, lakini malori hayakurudi, kwa sababu wanajeshi walikuwa bado kule. Kombaini zetu zilivuna vizuri kuliko mwaka wowote niliouona. Tulijaza magunia, tukayapanga shambani, tukayafunika kwa maturubai. Maturubai yakaisha. Halafu manyunyu ya baridi yakaanza kushuka kutoka Mlima Hanang.

Kila asubuhi nilipitisha mkono chini ya magunia kupima joto. Asubuhi moja mkono ulirudi na unyevu na uvuguvugu.

Majirani zetu upande wa Gendabi walikuwa wafugaji. Shamba lilipoanzishwa, njia yao ya ng'ombe kwenda kwenye lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, ilikatwa na mtaro mrefu uliochimbwa kwa trekta. Tangu hapo walizunguka mbali, na walipojaribu kukatiza walinzi waliwakamata ng'ombe. Kwa hiyo nilishangaa kumwona Mzee Gidamis, mkubwa wa ukoo mmojawapo, amesimama ukingoni mwa mtaro na fimbo yake, akiyaangalia magunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ngano yenu imelala nje mpaka lini? Au Serikali inaisubiri iote nywele?"

"Tunasubiri malori, mzee."

"Malori yameoa huko Uganda. Sisi tuna punda. Punda wetu hawajaitwa vitani, nadhani walifeli mtihani." Alicheka mwenyewe, kisha akawa mkali. "Mwambie mkubwa wako tutabeba mpaka ghala la Katesh. Lakini mtaro huu ufukiwe kwenye njia yetu, na ng'ombe wapite kwenye mabua baada ya mashine. Leo, siyo baada ya kikao."

Nilipeleka maneno hayo kwa Mkuu wa Uvunaji, tukaingia pamoja kwa Meneja. Alikuwa msomi mtulivu aliyependa kila kitu kiwe na kibali chake. Amri wakati ule ilikuwa moja: ngano ya shamba husafirishwa na gari la Serikali tu. Barabarani palikuwa na geti, na mazao yaliyokutwa mikononi mwa mtu binafsi yalitaifishwa.

"Ndugu zangu," alisema, "ngano ya Serikali ikionekana kwenye punda wa mtu, mimi nitaitwa mlanguzi."

Mkuu wa Uvunaji akamjibu, "Na ikioza, Ndugu Meneja, utaitwaje?"

"Nitasema malori hayakuja. Hilo halitakuwa kosa langu."

"Ni kweli. Wala haitakuwa ngano tena."

Meneja alinigeukia. "Wewe umeshika magunia leo?"

"Nimeshika. Ya chini yameanza kupata joto."

Nje tulisikia manyunyu kwenye bati. Meneja alivaa buti, akachukua sepetu kutoka mikononi mwa mlinzi, akaenda mpaka kwenye mtaro. Udongo wa kwanza aliutupa yeye. Mzee Gidamis alimtazama akichota mara kadhaa, halafu akasema, "Basi mwanangu, inatosha, waachie wenye mikono," nasi tukamalizia.

Punda walikuja kwa makundi, kila mmoja na matandiko ya ngozi ya kubebea mizigo ubavuni. Tuligawa kila gunia nusu kwa nusu ili mnyama asiegemee upande. Akina mama wa kifugaji waliwaongoza, na Mkuu wa Uvunaji alitangulia hadi getini kuwaeleza askari. Askari mmoja alimzunguka punda wa mbele, akauliza kwa sauti kubwa, "Huyu naye ni mtumishi wa umma?" Mama aliyemshika akajibu, "Ndiyo, ila yeye anafanya kazi." Geti likafunguliwa kwa vicheko. Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wameshatawanyika kwenye mabua, wakielekea majini kwa njia yao ya zamani.

Magunia ya chini kabisa yaliharibika. Mengine yote yalifika. Meneja aliitwa mkoani kujieleza, akarudi na onyo, na wiki ileile akatuandika ajira ya kudumu kama alivyoahidi. Paulina alimaliza shule, baadaye akawa muuguzi kule Haydom. Marko ni mwalimu.

Yakobo alirudi mzima, amekonda. Nilimuuliza kama kwenda kule kulistahili. "Kuwafukuza, ndiyo," alisema. "Hata kuvuka, ndiyo, maana wangerudi. Tulipoingia, wananchi wa kule walitushangilia, wakatupa ndizi. Miezi ikapita, kaka, wakaanza kutuuliza kwa upole tutaondoka lini. Na sisi wenyewe tulikuwa hatujui."

Nilifanya kazi mpaka nikawa Mkuu wa Uvunaji mwenyewe, nikastaafu kabla mashamba hayajapewa wamiliki wengine. Niliona Serikali ikishika biashara ya nafaka yote, kisha nikaiona ikiachia yote. Ilipoachia, wafanyabiashara wa Katesh na Dongobesh walinunua kwa bei nzuri, tukafurahi. Ukaja mwaka wa ukame, mahindi yakafichwa yakingoja bei ipande, na kilichowaokoa watu wa milimani ni ghala la Serikali kufunguliwa na kuuza kwa bei ambayo hata mjane angeimudu. Kwa hiyo sina ugomvi na Serikali kuingia sokoni. Njaa na uvamizi ni mambo ambayo jirani na punda wake hawayawezi. Lakini kabla haijaingia, iangalie ni nani tayari anaiweza kazi hiyo, isimchimbie mtaro. Na ikiingia, itamke mapema jambo gani likitimia itatoka.

Haya niliyasema juzi kwenye mkutano wa kijiji, vijana walipobishana kama mahindi yazuiwe kuuzwa nje. Yakobo, ambaye sasa ana meno machache kuliko mimi, alinyoosha mkono.

"Kaka, wewe ungekuwa meneja, ungefukuzwa asubuhi."

"Ningerudi kwenye kombaini," nilimjibu. "Ila hiyo asubuhi ingekuta ngano iko ghalani."