Mkono wa Kushoto wa Baba

Baba alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kushoto ulipooza. Kuongea aliongea, kutembea akatembea kwa fimbo, lakini gitaa alilopigia kwaya tangu ujana wake liliwekwa juu ya kabati. Nilirudi nyumbani Unyambwa kusaidiana na mama kumtunza.

Jioni moja, tulipomaliza kupepeta alizeti, nililishusha gitaa nikamwomba anifundishe. Akasema, "Vuta kiti, binti yangu."

Nilishika shingo ya gitaa kwa nguvu zangu zote. Nyuzi zikakoroma.

"Hilo si jembe," alisema. "Kidole gumba kikae nyuma, kisichungulie juu. Kiganja kiachie nafasi, kana kwamba umeshika yai."

Akanyoosha mkono wake mzima, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja ili vibonyeze kwa ncha, kila kimoja kisiguse uzi wa jirani. Tangu niwe mtu mzima hakuwahi kunishika mkono hivyo.

Siku za mwanzo vidole viliniuma hata nikashindwa kusonga ugali. Baadaye ncha zikaota sugu. Kodi ya C, yaani mlio wa nyuzi kadhaa kwa pamoja, ikatoka safi, kisha G. F ilinitesa, maana kidole kimoja hulala juu ya nyuzi zote.

"Usikamue," baba alisema. "Sogeza kiwiko karibu na mbavu, uzito wa mkono ukusaidie."

Nilisogeza, F ikalia. Tatizo likahamia kulia: kila nilipofikiria vidole vya kushoto, mkono wa kulia ulipoteza mapigo. Baba alinivumilia, mwishowe akasema, "Njoo ukae huku."

Nikakaa kushoto kwake, tumegusana mabega. Gitaa tukalilaza mapajani pake. Mimi nikabonyeza, yeye akapiga kwa mkono wake wa kulia.

"C," alinielekeza. "Sasa F. Rudi C."

Ulikuwa wimbo wa kanisani aliouimba pamoja na mama kabla hawajaoana. Baada ya beti mbili aliacha kunitajia kodi. Nilishaanza kusikia wimbo unakoelekea.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni akisikiliza, halafu akaingiza sauti ya pili, kwa chini. Baba hakugeuka, akaendelea kupiga.

Tulipomaliza, mama alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Rudieni," alisema.

Tukarudia mpaka ugali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo.