Kofia Isiyouzwa

Habari kwamba binti wa mama yangu mdogo amefungua tovuti ya kuuza kofia niliipata kwa muuza samaki. Nilikuwa nachagua tafi mlangoni, naye akaniambia huku akipima, "Mwenzio sasa auza mpaka Ulaya. Wewe bado wangoja watu waye hapa?" Nilimrudishia samaki wake wote. Siku hiyo nyumbani kwangu tulikula wali na bamia, na mume wangu alipouliza kulikoni, nikamwambia samaki walikuwa wabovu.

Mbwajumali si mji wa kufichana. Kati ya nyumba yangu na ya ndugu yangu huyo pana nyumba mbili na kisima, na kila asubuhi tulikuwa tukikutana hapo kisimani. Angeweza kuniambia. Kwa hasira nilianza kuteka maji alasiri.

Tuelewane kwanza kuhusu kofia. Sisi hushona kofia za vito, zile nyeupe zinazotobolewa matundu madogo kwa sindano, kila tundu likazungushwa uzi mpaka likae imara. Kofia moja nzuri hula miezi. Mimi na yeye tulifundishwa na bibi mmoja, mama wa mama zetu, kwenye mkeka mmoja. Kazi ya mwenzangu bibi aliifumua mara tatu, mara nne. Yangu aliitembeza kwa majirani. Nayasema haya bila haya, kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu bila hayo hamtafahamu kwa nini roho iliniuma vile.

Kwetu ilikuwa ada, posa ikishakubaliwa, msichana aanze kumshonea mchumba wake kofia, na siku ya harusi bwana avikwe mbele ya watu. Ndugu yangu alianza yake, akafika nusu, matundu yakawa moja kubwa moja dogo. Alikuja kwangu akilia. Nikamwambia aiache. Nikakata kitambaa kipya, nikajifungia miezi saba, nikamshonea kofia ambayo mpaka leo sijashona ya kuishinda. Siku ya harusi wanawake walimpigia vigelegele bibi harusi kwa mikono yake ya dhahabu. Nami nilipiga, tena kwa sauti. Tuliojua tulikuwa watatu, mimi, yeye na bibi, na bibi sasa ameshafariki.

Kofia yangu ya pili kwa uzuri nilimshonea mume wangu mwenyewe. Alisema inambana. Yeye huvaa kepu ya timu ya mpira.

Basi, nikaenda kwa mpangaji wetu, mwalimu wa kompyuta kutoka bara, nikamwomba anifungulie hiyo tovuti niione kwa macho yangu. Ukurasa wa kwanza ulijaa picha moja. Ni kofia ile, imewekwa juu ya goti la mume wake, mwanga wa dirisha unapita kwenye matundu niliyoyatoboa mimi. Chini yake pameandikwa: "Kofia ya bwana harusi, imeshonwa na bibi harusi mwenyewe. Haiuzwi." Ukiteremka ndipo unazikuta zinazouzwa, za kawaida tu, za kina mama wa Siyu na zake mwenyewe, kila moja na bei yake.

"Hii story ndiyo inauza," mwalimu akasema. "Ona vile watu wameandika hapa chini."

Sikutaka kuona, lakini niliona. Watu wa miji nisiyoijua walikuwa wakimsifu kwa mapenzi na subira yake. Nilisema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Pengine ningekaa na kijiba changu cha roho mpaka kikaisha chenyewe, kama si sauti iliyoingia kwenye simu yangu wiki ileile. Ilikuwa ya mama mmoja wa kwetu anayeishi ng'ambo miaka mingi. Mwanawe anaoa mwakani, anataka kofia sita kwa ajili ya bwana harusi na wenzake. Ameiona tovuti ya ndugu yangu, lakini ananikumbuka na mimi, anakumbuka bibi alivyokuwa akinisifu. "Nitumie tovuti yako, mwanangu, niangalie nilinganishe."

Tovuti yangu! Nilimjibu itakuwa tayari baada ya siku kumi. Nilikuwa naitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa ajili ya fedha, ingawa fedha nazo zingefaa. Nilitaka harusi moja tu ulimwenguni ambapo wataangalia kofia na kutaja jina langu.

Mwalimu alikubali kunisaidia. Tuliketi kwenye ngazi za juu, mahali mtandao unaposhika, akanifungulia kampuni za kutengenezea tovuti, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa bure, lakini ilibandika tangazo lake chini ya kila ukurasa, na tangazo tulilopewa sisi lilikuwa la dawa ya nywele. Nilisema hapana. Ya pili ilikuwa nzuri, safi, picha zinakaa vizuri, lakini malipo yake ni ya kila mwezi kwa kadi ya benki, nami kadi sina. Ya tatu ni ya Nairobi, inapokea pesa za simu mara moja bila tabu, ila kurasa zake zote zimepangwa kwa ajili ya wauza viatu. Ukitaka kuandika kofia inakuuliza saizi ya mguu.

"Mama, hii ya viatu si mbaya," mwalimu akasema. "Shida ni mteja wako ako ng'ambo. Hana pesa za simu za huku. Lazima tupate mtu wa kupokea kadi."

Tukatafuta mtu wa kupokea kadi. Wa kwanza alikata fungu kubwa kwa kila malipo. Wa pili alikata dogo, lakini alitaka cheti cha biashara, akaunti ya benki yenye jina lilelile, na uthibitisho wa anwani, mtaa na namba ya nyumba. Namba ya nyumba, Mbwajumali! Kwetu mgeni hushuka kwenye boti akauliza, na mtu wa kwanza kumwona humshika mkono mpaka mlangoni. Mwalimu aliandika "karibu na msikiti". Walirudisha maombi. Akaandika "nyuma ya msikiti". Wakarudisha tena.

Siku zikawa zimebaki nne. Swali langu lilikuwa dogo: ndugu yangu anatumia kampuni gani? Aliwapa anwani ipi hata wakamkubali? Jibu lilikuwa nyumba mbili na kisima kutoka kwangu. Mwalimu, ambaye hajui ya kwetu, aliniuliza kwa nini nisiende kumwuliza. Nilimwambia ndugu yangu ana mambo mengi siku hizi.

Niliamua kununua kofia yake. Niliona kwamba nikipita njia yote ya mnunuzi, mpaka mwisho, nitajua malipo yanapita wapi. Nilijipa jina la mwanamke wa Nakuru. Mzigo nikaagiza upelekwe Mkokoni, kwa mwalimu mwenzake na mpangaji wangu. Namba ya simu nikatumia laini ya zamani ya binti yangu, ambaye ameolewa Mombasa na laini akaiacha kwenye kabati. Nilichagua kofia ya bei ya chini kabisa. Nikafika mahali pa kulipa, nikaona njia zake mbili, kadi na pesa za simu, zimepangwa vizuri pamoja, na jina la kampuni limeandikwa hapo chini kwa herufi ndogo. Nililinakili. Nilikuwa na furaha ya mwizi. Nikalipa kwa laini ile.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, ndugu yangu alibisha hodi. Alikuwa amebeba bahasha.

"Mzigo wako huu," akasema. "Naliona si lazima uvuke mpaka Mkokoni, kisha urudi papa hapa."

"Wangu? Nani amekwambia ni wangu?"

Akanionyesha simu yake. Ujumbe wa malipo ulikuwa na majina yangu yote matatu, la kwangu, la baba na la babu. Laini ile niliisajili mimi kwa kitambulisho changu, wakati binti yangu alikuwa bado hajafika umri wa kuwa nacho. Nani hapa hajafanya hivyo? Na nani angekumbuka?

Uso uliniwaka. Nilingoja acheke, na kama angecheka ningemfukuza na tungekosana kwa raha. Hakucheka. Alivua viatu, akakaa mkekani pale pale alipokuwa akikaa zamani, akaiweka bahasha katikati yetu.

"Yule mama wa ng'ambo ataka kunipa kazi, na aniambia alikuuliza na wewe," akasema. "Lakini hataki hizi niuzazo. Ataka sita kama ile ya ukurasa wa mbele. Na ile mimi siiwezi. Wayua kuwa siiwezi."

Nilikuwa nikimsikia moyoni kama mtu anayesikia anaitwa jina lake.

"Njoo tushone pamoya," akasema. "Malipo nusu kwa nusu. Kampuni ile yanipokelea kadi, na wewe ukitaka kutumia, tumia. Kwenye anwani mimi naliandika duka la kaka yangu wa Lamu. Ungeniuliza ningekwambia."

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Jambo nililolitafuta kwa siku sita ngazini lilikuwa limeletwa mkekani, na aliyelileta hakunidhihaki hata kwa jicho. Nikasema, "Kwanza andika ni nani aliyeishona ile."

"Na mume wangu je?"

"Mumeo asoma tovuti lini?"

"Aivaa kila Ijumaa," akasema polepole. "Tangu tulipooana havai nyengine. Huifua mwenyewe, hanipi mimi, aogopa nitaikaza nyuzi."

Mtu mwema angesikia alichokuwa akiambiwa. Mimi nilichosikia ni kwamba kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mwanamume katika mji huu anayeifua kazi ya mikono yangu kwa mikono yake, na shukrani yake yote inakwenda nyumba nyingine. Nilifikiria kofia yangu ya pili, sandukuni, imegeuka rangi.

"Andika," nikasema.

Aliandika. Alikuwa akiandika taratibu, kidole kimoja, akifuta na kurudia. Alipomaliza alinipa simu nisome. Palikuwa pameandikwa: "Kofia ya bwana harusi, imeshonwa na," kisha jina langu. "Haiuzwi." Chini kulikuwa na kitufe cha kuchapisha.

"Bonyeza wewe," akasema. "Mkono wangu hauendi."

Nilibonyeza.

Kazi tulipewa. Tulishona karibu mwaka mzima, mimi na yeye na wanawake wengine wawili, mimi nikichora na kutoboa, wao wakizungusha uzi. Malipo yalipoingia aliniletea sehemu yangu siku hiyohiyo, kamili. Mama wa ng'ambo alituma picha za harusi, kofia sita vichwani, na watu wakaandika jina langu chini yake, na mwalimu alinisomea. Nilimwambia arudie. Alirudia. Ndugu yangu naye alikuwepo, amejiinamia na sindano yake.

Habari ilimfikia mume wake. Sijui ni nani aliyemfikishia, labda ni muuza samaki. Ndugu yangu hakuniambia neno, na mimi sikumwuliza. Nilichojua nilikijua kwa macho, Ijumaa moja nilipokuwa nimesimama mlangoni wakati wanaume wanakwenda msikitini. Alipita, akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote, "Asalaam aleikum, shemeji," kwa adabu yake. Kichwani alivaa kofia ya mashine, ya dukani, na mkunjo wa pakiti yake ulikuwa bado haujaondoka. Niliitikia. Nilibaki pale mlangoni mpaka njia ikawa tupu.

Ndugu yangu aliendelea kuteka maji asubuhi, nami nikarudi asubuhi. Tunasalimiana, tunaulizana hali za watoto. Kila siku nilitaka kumwambia kitu, na kila siku ndoo ilikuwa imejaa kabla sijaanza.

Jana niliifungua tovuti yake peke yangu, kwa simu yangu, sikumhitaji mwalimu. Picha ilikuwepo, goti lilelile, mwanga uleule. Jina langu lilikuwepo, hakuligusa. Lakini palipokuwa pameandikwa "haiuzwi" palikuwa na kitufe cha kulipia, na juu yake bei, ya kawaida kama zile nyingine zote.