Barafu ya Mounira Mahali Pasipofika Jua

Saa kumi na mbili asubuhi, Mounira Abdourahim anapiga magoti ndani ya chumba cha mawe katika kichochoro cha Mutsamudu na kufukua maranda ya mbao kwa mikono miwili. Chini yake kinatokea kipande cha barafu cha kilo kumi na mbili. Anakipapasa pembe zake.

"Hiki kina siku tisa," anasema, na hafichi fahari yake.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu ameendesha mtambo wa barafu karibu na bandari. Wateja wake ni wavuvi, wauza samaki na kituo cha afya. Lakini tangu kisiwa hiki cha Nzwani kijitenge na nchi yake mwaka 1997, na hasa tangu kiwekewe vikwazo mwaka huu wa 2000, dizeli imekuwa adimu. Umeme huja kwa muda wa saa tatu tu kwa siku. Siku nyingine hauji kabisa.

"Mwanzoni niliona kazi yangu yote ikitiririka mtaroni," anakumbuka. "Nililia."

Msaada ulitoka Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, alikozaliwa. Kaka yake Saindou, mwalimu wa sayansi huko, alikuwa amemwandikia barua kabla ya safari za boti kusimama. Alimweleza kwamba mwaka 1998 chombo kilichokuwa kikizunguka mwezi kilionyesha dalili za barafu kwenye ncha za mwezi huo, ndani ya mashimo ambayo jua halifiki chini kamwe. Huenda ililetwa na nyota zenye mkia zilizougonga mwezi zamani mno. Penye jua ingegeuka mvuke na kupotelea angani. Gizani inaweza kudumu mamilioni ya miaka.

"Aliandika pia kwamba wataalamu bado wanabishana, maana hakuna aliyeishika," anasema Mounira. "Mimi nikajiuliza: mji huu wote, hakuna mahali jua lisipofika?"

Palikuwapo. Chumba cha marehemu mama mkwe wake hakina dirisha, na kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono. "Ila hapa si mwezini. Hewa yetu yenyewe ina joto. Ndiyo maana nikaenda kwa maseremala kuomba maranda, nikaifunika barafu."

Mtihani ulikuja Mei. Umeme ulikatika siku kumi na moja mfululizo. Chumbani mlikuwa na vipande arobaini, na Touhfat, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa na chanjo za surua za watoto mia mbili na kumi na wanne. Ndipo akaja mzee Mouhidine, mtu wa heshima mtaani, aliyekuwa akimwoza binti yake.

"Mounira, mwanangu, nipe vipande ishirini. Nina wageni mpaka wa kutoka mji wa Ouani."

"Niwie radhi, bwana. Hii ni ya chanjo."

"Unaninyima mimi, mbele za watu?"

"Nakunyima, bwana. Wageni wako wakinywa maji ya uvuguvugu watarudi kwao salama. Mtoto akishikwa na surua, je?"

Harusi ilifanyika bila barafu. Mtaa ulimsema Mounira, na mawifi zake wakaacha kumpitia. Yeye aliendelea kumkabidhi Touhfat vipande vitatu kila asubuhi. Siku ya kumi, mtoto wa mwisho alichanjwa. Vingine sita vilikuwa vimeyeyuka, vimebaki vinne tu, vimekonda kama sabuni iliyotumika.

"Nilikuwa napima joto la kasha la chanjo kutwa mara mbili," anasema Touhfat. "Halikupanda. Mounira angemkubalia mzee siku ile, ningemwaga dawa yote."

Mzee Mouhidine bado hamsemeshi. "Mimi namwamkia kila nikimwona," anasema Mounira. "Umri ni umri."

Sasa kituo cha afya kimempa chumba cha pili akitayarishe, na ameanza kukusanya makumbi ya nazi ya kuzibia kuta. Boti zikirejea, anataka kwenda Moroni kukaa na kaka yake wiki nzima; ana maswali kurasa mbili.

"Nusu ya maisha yangu nimetengeneza barafu," anasema, akirudisha maranda mahali pake. "Nataka siku moja, hata kwa picha tu, niione ile iliyotengenezwa na Mungu mwenyewe."